Matembezi ya usiku ya "Jack the Ripper", Whitechapel: mwongozaji hodari, picha zisizostahili kuonyeshwa

Miongoni mwa mambo ambayo wageni kutoka nyumbani huomba tuwapeleke wakifika London, siku hizi yamo matembezi ya usiku ya Whitechapel, mashariki mwa jiji, yanayofuata nyayo za muuaji wa mwaka 1888 aliyekuja kuitwa Jack the Ripper. Kampuni zinazouza matembezi hayo ni nyingi, na njia zao zinafanana kiasi kwamba makundi hupishana kwenye vichochoro vilevile. Ile niliyojiunga nayo sitaitaja jina, kwa sababu uzuri na ubaya nilioukuta ni wa biashara nzima na si wa kampuni moja tu. Nililipa pauni 15, tukaanza saa moja jioni nje ya kituo cha treni cha Aldgate East, tukatembea kwa muda wa karibu saa mbili. Sehemu iliyohusu wanawake waliouawa na mji walimoishi ilistahili kila senti niliyotoa. Sehemu iliyomhusu muuaji mwenyewe haikustahili hata nusu yake.

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti inayosikika bila kupayuka, na alilijua somo lake. Hakuanza na kisu wala ukungu, alianza na bei ya kitanda. Mwaka 1888 maelfu ya watu wa Whitechapel na Spitalfields walilala katika nyumba za kupangisha vitanda kwa usiku mmoja mmoja, na kitanda cha kawaida kilikuwa peni 4. Mary Ann Nichols, mwenye umri wa miaka 43, alifukuzwa katika nyumba moja ya namna hiyo mtaa wa Thrawl kwa kukosa peni hizo 4, akaondoka akijisifia kofia yake mpya kwamba itampatia pesa mara moja. Alfajiri ya Agosti 31 alikutwa amekufa Buck's Row, barabara ambayo leo inaitwa Durward na ambayo ipo nyuma tu ya kituo cha Whitechapel. Wiki moja baadaye Annie Chapman naye alitolewa nje ya nyumba ya mtaa wa Dorset kwa sababu hiyohiyo, akaomba kitanda chake kisipewe mtu mwingine kwani angerudi, na saa kumi na mbili asubuhi ya Septemba 8 mwili wake ukaonekana uani kwa nyumba namba 29, mtaa wa Hanbury. Ukisikia mambo hayo umesimama palepale, baridi ikikupiga masikioni, unaelewa kwamba aliyewawinda wanawake hawa hakuhitaji ujanja wa ajabu tunaomsifia. Umaskini ulikwisha kuwatoa nje na kuwaacha peke yao gizani.

Kituo kilichonigusa zaidi ni Mitre Square, uwanja mdogo uliozungukwa na majengo ya ofisi, alipouawa Catherine Eddowes usiku wa kuamkia Jumapili, Septemba 30. Jioni ile polisi walikuwa wamemkamata kwa ulevi barabara ya Aldgate, wakamweka mahabusu kituo cha Bishopsgate, na wakamwachia mnamo saa saba usiku. Saa saba na dakika 45 askari wa doria akaukuta mwili wake. Hapo mwongozaji alitoa karatasi na kusoma, bila haraka na bila kuigiza, orodha ya vitu ambavyo polisi walivikuta kwa marehemu: kopo dogo la majani ya chai na jingine la sukari, vipande 12 vya kitambaa cheupe, vipande vya sabuni, kitana, glavu moja nyekundu, na kopo la haradali lenye stakabadhi za vitu vilivyowekwa rehani. Mama huyu alitembea na nyumba yake yote mwilini. Watu zaidi ya 20 tuliosimama pale hatukusema neno.

Kutoka hapo tulikwenda mtaa wa Goulston, ambako kipande cha aproni ya Catherine kiliokotwa usiku uleule, na juu yake, ukutani, palikuwa na maandishi ya chaki yaliyowataja Wayahudi. Kamishna wa polisi wa jiji kuu, Charles Warren, aliamuru yafutwe kabla ya mapambazuko, akihofia kwamba watu wa soko la Jumapili wangeyaona na kuwashambulia Wayahudi wahamiaji waliojaa mitaa hiyo. Mitre Square ilikuwa chini ya polisi wa City of London, eneo la katikati ya jiji lenye kikosi chake, na mtaa wa Goulston chini ya kikosi cha Warren, basi wapo waliotaka maandishi yapigwe picha kwanza, na mabishano hayo hayajaisha mpaka leo. Katika mtaa ambao sasa wakazi wake wengi asili yao ni Bangladesh, na ambao umeonja chuki dhidi ya wahamiaji kwa vizazi vingi, simulizi hii ina uzito, na mwongozaji aliitendea haki.

Kasoro kubwa ni picha. Katika vituo viwili alifungua tableti na kuonyesha picha za mochari, na mwishoni akaonyesha picha ya chumba cha Miller's Court alimouawa Mary Jane Kelly mnamo Novemba 9, ambayo sitaieleza. Aliwaonya waliokuwa na watoto wageukie kando, jambo ambalo ni jema, lakini wengine walisogea mbele na kuipiga picha kwa simu zao, na wawili wakajipiga wenyewe mbele ya tableti wakitabasamu. Kijana mmoja aliuliza kama kuna nyingine mbaya zaidi. Haya yalitokea mbele ya lango la nyumba za watu, wakati wazee waliovaa kanzu walikuwa wakipita, na ninaamini watoto waliolala ghorofani walisikia kila kitu. Msiba wa mtu hauonyeshwi namna hiyo, hata ukiwa na umri wa zaidi ya miaka 130.

Tamaa hii si ya leo. Mwongozaji mwenyewe alitueleza kwamba siku zilezile za mauaji ya Annie Chapman, majirani wa mtaa wa Hanbury walitoza watu ada ili wachungulie ua kupitia madirisha yao. Hata jina la muuaji lilitokana na barua ya Septemba 1888 iliyopelekwa kwa shirika la habari, na wakuu wa polisi wa wakati ule, akiwemo Robert Anderson, walikuja kusema kwamba iliandikwa na mwanahabari. Baa ya Ten Bells, ambayo kundi letu lilisimama nje yake, iliitwa kwa jina la muuaji kuanzia mwaka 1976 hadi 1988. Mwaka 2015 jengo la mtaa wa Cable lililoombewa kibali kama makumbusho ya historia ya wanawake lilifunguliwa likiwa makumbusho ya aliyewaua, na wakazi wakaandamana.

Sisi pia hatujasalimika. Julai 2024, miili ya wanawake ilipotolewa katika timbo la Kware, mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, picha ya mshukiwa ilizunguka kwenye kila simu, na alipotoroka seli za kituo cha Gigiri mwezi uliofuata, tukamjadili yeye kuliko wale ambao jamaa zao walikuwa wakiwatafuta.

Sehemu iliyonichosha ni ya washukiwa. Kwa dakika karibu 20 tulipangiwa majina: wakili Montague Druitt, Kosminski, Ostrog, ambao wote wametajwa katika waraka wa ofisa wa polisi Melville Macnaghten wa mwaka 1894, halafu daktari, mchoraji, na hata mjukuu wa Malkia Victoria. Mwisho tuliombwa kunyoosha mikono kupiga kura. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa, na kura ya watalii haiongezi kitu. Dakika hizo zingetosha kutueleza kwamba Elizabeth Stride, aliyeuawa usiku mmoja na Catherine, alizaliwa Sweden na kuja London kutafuta maisha, kama wengi wetu. Alitajwa kwa sentensi mbili tu, na mahali alipouawa hatukupelekwa.

Je, niwashauri ndugu waende? Ndiyo, kwa masharti. Kabla ya kulipa, iulize kampuni kama inaonyesha picha za maiti, na ikijibu kwamba ndiyo, tafuta nyingine, maana wapo waongozaji ambao wameziacha. Uliza pia ukubwa wa kundi, kwa sababu wakizidi 15 walio nyuma hawasikii kwa kelele za magari ya Commercial Street. Watoto wa shule ya msingi wabaki nyumbani. Viatu viwe vya kutembelea, kwani kuna mawe na madimbwi, na choo utumie kabla ya kuanza. Anayependa historia kuliko giza atembee njia hiyo mchana peke yake, kisha apande treni ya njia iitwayo Elizabeth line kutoka Whitechapel hadi Manor Park, yalipo makaburi ya Mary Ann, Annie na Catherine. Safari hiyo itamgharimu nauli tu.