Kipima uvujaji wa silinda: uzoefu wangu baada ya cheni ya taimingi kubadilishwa

Katika vifaa vyote vya kupimia injini ninavyomiliki, hiki ndicho ninachompendekezea mtu bila kusita: kipima uvujaji wa silinda, kile chenye geji mbili na kinachotumia upepo wa kompresa. Wengi wana geji ya kompresheni tu, ile inayopima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Wakiona mshale haupandi, wanaanza kulegeza boliti za hedi, yaani kichwa cha injini kilichobeba valvu zinazoingiza hewa na kutoa moshi. Kufungua hedi ni kazi kubwa, inadai gasketi mpya na mara nyingi boliti mpya pia, na inasikitisha kuifanya halafu ukakuta valvu zote nzima.

Gari langu lilirudi kutoka gereji likiwa na cheni mpya ya taimingi (ile inayoongoza valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake), na tangu hapo likawa zito. Kuwaka linawaka, lakini sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) haitulii, mlima mdogo unalichosha, na ukipiga starta injini inazunguka kwa wepesi ambao masikio ya fundi yeyote yangeushtukia. Jibu nililopewa lilikuwa fupi: "Valvu zimepinda hizo, tufungue hedi." Lingeweza kuwa kweli. Zipo injini ambazo pistoni na valvu hupishana katika nafasi ileile, na cheni ikikaa vibaya, pistoni huzigonga valvu zikapinda. Ila kompresheni hushuka kwa njia zaidi ya moja, na nilitaka kujua ni ipi kabla hedi haijaguswa.

Nilianza na geji ya kawaida ya kompresheni. Injini iwe na moto, plagi zote nje, pampu ya petroli na koili zikatwe umeme, betri iwe imejaa, na pedali ya mafuta ikanyagwe mpaka chini wakati wa kupiga starta. Injini nyingi za petroli zikiwa nzima hutoa kati ya psi 150 na 200. Yangu ilitoa 130, 125, 130, 130. Namba hizo ni ndogo, lakini kilichonifanya nisimame ni kwamba zinalingana. Valvu zilizogongwa hazipindi zote kwa kipimo kimoja. Utakuta silinda moja imekufa kabisa, nyingine iko nusu, nyingine haijaguswa. Nikatia kijiko kidogo cha oili katika kila silinda nikapima tena, namba zikapanda kidogo tu. Ringi (pete za pistoni) zilizochoka zingezibwa na oili hiyo na namba zingeruka, kwa hiyo ringi nazo hazikuwa na kesi.

Hapo ndipo kipima uvujaji kikaanza kazi. Unaifikisha pistoni juu kabisa ikiwa kwenye mgandamizo, valvu zote za silinda hiyo zikiwa zimefunga, kisha unaingiza upepo kupitia tundu la plagi. Geji ya kwanza inaonyesha upepo unaoingia, mimi huuweka psi 100 kwa sababu hesabu inakuwa rahisi. Ya pili inaonyesha unaobaki. Ikisoma 92, uvujaji ni asilimia 8. Chini ya 10 ni injini yenye afya, mpaka 20 bado inavumilika, ikizidi 30 lipo jambo.

Uzuri wake hasa uko kwenye kusikiliza. Upepo hauwezi kujificha. Ukisikia mfoko kwenye mdomo wa hewa inakoingilia, valvu ya kuingiza haikai. Ukisikia kwenye bomba la ekzosi, ni valvu ya kutolea. Ukitoka kwenye mfuniko wa kujazia oili, ringi zimechoka, ingawa kidogo hapo ni kawaida kwa injini yoyote. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi, au ufa. Mimi huweka kipande cha mpira wa bomba sikioni na kukipitisha sehemu hizo moja baada ya nyingine, maana kompresa ikiwa inanguruma karibu nawe sauti ndogo zinapotea.

Silinda zangu zote nne zilikuwa chini ya asilimia 10. Kimya kila mahali isipokuwa pumzi kidogo kwenye mfuniko wa oili.

Namba hizi mbili ukiziweka pamoja, ndipo utaona thamani ya kifaa. Pistoni ikiwa imesimama juu, silinda inashika upepo vizuri, kwa hiyo valvu na ringi ni nzima. Lakini injini ikizunguka, mgandamizo haufiki. Maana yake hewa inatoroka wakati pistoni bado iko njiani kupanda, kwa sababu valvu za kuingiza zinachelewa kufunga na sehemu ya hewa inasukumwa kurudi ilikotoka. Gia ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) yenye meno 18 ikiachwa jino moja, hiyo ni nyuzi 20 za mzunguko wa krenki, na nyuzi 20 zinatosha kabisa kuilegeza injini namna hiyo. Tulipofungua kava ya mbele, kamshafti ya kuingiza (mhimili unaosukuma valvu za kuingiza) ilikuwa nyuma jino moja. Ikarekebishwa, tenshena (kikaza cheni) ikaachiwa, krenki ikazungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya starta kuguswa. Kompresheni ikasoma 180 na hedi haikufunguliwa.

(Baada ya mizunguko hiyo, alama za kwenye gia zitarudi mahali pake, lakini pingili za rangi za cheni hazitarudi mapema. Nimeona mtu akifungua upya kazi nzuri kwa sababu ya pingili hizo. Angalia alama za gia.)

Niliwahi kukitumia tena kwenye gari la shemeji, nalo lilikuwa limetoka kubadilishwa cheni. Safari hii silinda ya tatu ilikuwa na psi 40, nyingine ziko sawa. Kipima kikaonyesha uvujaji wa zaidi ya asilimia 70, na mfoko ulisikika kwenye mdomo wa hewa hata bila mpira sikioni. Wakati mwingine kipande cha kaboni hukwama chini ya valvu, kwa hiyo tuliondoa kava ya juu na kuigonga shina la valvu taratibu kwa nyundo ya plastiki. Hakuna kilichobadilika. Hedi ikafunguliwa, na valvu mbili za kuingiza za silinda hiyo zilikuwa zimepinda kweli. Hata hapo kifaa kilikuwa kimeshatuonyesha silinda gani na upande gani.

Sasa kasoro zake. Bila kompresa hakina kazi, na pampu ndogo ya kujazia tairi haitoshi. Kuipata pistoni juu kabisa kunataka utulivu: ziba tundu la plagi kwa kidole, zungusha krenki kwa spana mpaka upepo ukisukume kidole, kisha fuata alama ya puli. Ukiwa umepitiliza kidogo, upepo utaizungusha krenki kwa nguvu, kwa hiyo kamwe usiache spana kwenye boliti yake wala mkono karibu na mkanda. Nalisisitiza hili kwa sababu karatasi ya maelekezo iliyokuja na changu haikulitaja hata kwa mstari mmoja.

Koki ya kurekebishia upepo kwenye seti yangu pia inahama yenyewe, hivyo huirudisha kwenye 100 kabla ya kila silinda. Mipira ya kuzuia upepo kwenye adapta ilianza kuchanika mapema, na adapta ikivuja utailaumu injini bure. Paka maji ya sabuni pale inapofunga kabla hujaamini namba yoyote. Na usichukue asilimia za kifaa chako ukazilinganisha na za mwenzako mwenye kifaa kingine, kwa kuwa tundu la ndani linalopitisha upepo halilingani kwa watengenezaji wote. Linganisha silinda kwa silinda, kwa kifaa kilekile, injini ikiwa na joto lilelile.

Anayenunua leo achague chenye geji kubwa, hozi ndefu ya kufikia plagi zilizozama, na adapta za milimita 10, 12 na 14. Geji ya kompresheni usiitupe, kwa sababu kipima uvujaji peke yake kingeniambia injini yangu ni nzima.