Uzoefu wangu: kuchomwa uvimbe wa mfupa wa kifundo cha mguu kwa sindano ya moto

Kwa miezi 14 niliambiwa nimeteguka tu. Nilifungwa bandeji, nikawekewa barafu, nikafanyishwa mazoezi ya viungo. Lakini mteguko haumwamshi mtu saa nane za usiku mguu ukiwa umetulia kitandani. Kidonge cha ibuprofeni kilituliza maumivu, kesho yake usiku yakarudi. Nililieleza hilo kila nilipoenda kliniki na halikufuatiliwa. Bado linaniuma.

Eksirei haikuonyesha kitu. CT ya vipande vyembamba, yaani eksirei ya kompyuta inayopiga picha kipande kwa kipande, ndiyo iliyokiona: kiini cha uvimbe, milimita 7, kwenye talasi, mfupa ulio juu ya kisigino. Kinaitwa osteoidi osteoma. Si saratani wala hakisambai, ila hutoa prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, kwa wingi, ndiyo maana kinauma kupita udogo wake, na ndiyo maana dawa za jamii ya aspirini hukituliza.

Kulikuwa na njia mbili: kukikwangua kwa kamera kupitia matundu madogo kwenye kiungo, au kukichoma kwa joto la mawimbi ya redio kupitia sindano. Changu kilikuwa mbali na gegedu, utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, nikachagua kuchomwa, na sijutii hata kidogo. Nililazwa kwa nusu kaputi, kwani sindano ikigusa kiini maumivu hayavumiliki kwa ganzi ya ngozi peke yake. Daktari aliongozwa na picha za CT, akatoboa mfupa, akachukua kipande cha maabara, kisha ncha ya sindano ikapashwa moto hadi nyuzi 90 kwa dakika 6. Kidonda kilitosha plasta moja.

Ninapowapunguzia alama ni usiku wa kwanza. Mguu uliwaka moto, nikadhani wameharibu kitu, kumbe ni kawaida. Wangeniambia mapema! Usiku wa tatu nililala hadi asubuhi, na nilipoamka nililia.

Nilianza kutembea mapema, lakini kukimbia na kuruka nilikatazwa kwa miezi 3, mfupa uzibe tundu lake. Kiini kinaweza kurudi kama sehemu yake haikuungua, hivyo naendelea na kliniki.

Ukipangiwa tiba hii, muulize daktari kiini chako kiko umbali gani na gegedu, ngozi na mishipa ya fahamu, kwa sababu joto hilo hilo linaweza kuviunguza.