Nimemlipa mwanasheria anisomee mkataba kabla sijasaini, haya ndo niliyoyaona

Mi ni mtu wa grafiksi, nafanya kazi za kujitegemea, na miaka yote mikataba nilikuwa naangalia vitu viwili tu, pesa kiasi gani na inaingia lini, basi nasaini. Safari hii akaja klaienti na mkataba wa miezi 24, kurasa 14 na viambatisho 2, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Nikausoma mara ya kwanza nikaona uko poa, mara ya pili nikakutana na sentensi moja ina mistari tisa sijui kichwa chake kiko wapi wala miguu. Ndo nikatafuta mwanasheria anayeshughulika na mikataba ya biashara.

Kabla hata hajauomba mkataba aliniuliza majina ya pande zote mbili ili aangalie asije akawa anamhudumia na huyo klaienti pia. Halafu akasema niandikie kwa maneno yako mwenyewe mlichokubaliana, usiangalie mkataba, andika unavyokumbuka. Nikaona kama ananipotezea muda, kumbe kazi yenyewe ndo ilikuwa hapo, maana aliyachukua yale maelezo yangu akaanza kuyalinganisha na mkataba kitu kimoja kimoja. Mi nimeandika kuna advansi, kwenye mkataba advansi hamna. Nimeandika marekebisho mara 3, mkataba unasema mpaka mteja aridhike.

Nikamwambia mbona meseji ninazo, tulikubaliana vizuri kabisa. Akanipeleka ukurasa wa 13, kuna kipengele kifupi nilikiruka mara zote mbili, kinasema mkataba huu ndio makubaliano yote na unachukua nafasi ya makubaliano yoyote ya awali, ya mdomo au ya maandishi. Yaani meseji zote zile nilikuwa naenda kuziua kwa saini yangu mwenyewe! Akanielewesha kwamba hicho kipengele ni cha kawaida sana kwenye mikataba ya biashara, sio kwamba klaienti ana nia mbaya, ila ndo hivyo, ulichoahidiwa kama hakimo ndani ya karatasi usikitegemee. Kwangu mi hiki peke yake kimetosha kurudisha hela niliyomlipa.

Mengine aliyoyakuta: hakimiliki ya kazi zangu ilikuwa inahama pale tu ninapozitengeneza, hata michoro waliyoikataa, hata kabla hawajalipa, akapendekeza ihame baada ya malipo kukamilika na iwe ya kazi waliyoichagua tu. Mkataba unajihuisha wenyewe ukiisha, yaani unaanza upya, usipotoa notisi siku 60 kabla. Na ile sentensi ya mistari tisa ilikuwa ya fidia, kwamba nitabeba hasara yoyote ya klaienti itakayotokana na kazi yangu, bila kikomo. Hapo kwenye bila kikomo nilikaa kimya muda, maana mtu anaweza kudaiwa mara kumi ya alichokipata.

Kuna mtu ataniambia si ungeweka kwenye programu ya akili bandia ikusomee bure. Niliweka, tena kabla ya kwenda kwake, na ikanionyesha ya fidia na ya kujihuisha. Ila ya advansi ingeijuaje, programu haikuwepo mi na klaienti tulivyoongea, na mi sikuwaza kuiambia. Na kuna zuio la kufanya kazi na washindani wao, hilo wakili alisema nguvu yake inategemea sheria ya nchi gani ndo itatumika, akaenda kuangalia kipengele cha sheria kwanza ndo akanijibu.

Sasa malalamiko yangu. Bei tuliyokubaliana ilikuwa ya mkataba tu, viambatisho havimo, na ratiba ya malipo iko kwenye kiambatisho cha kwanza! Ikabidi niongeze hela. Hili angelisema mwanzoni, na wewe ukienda uliza mapema kama bei ni ya jumla au kwa saa, viambatisho vimo au havimo, na kama mtaongea kwa simu akishamaliza, maana ripoti yake kuna sehemu ilikuwa nzito nisingeielewa bila ile simu ya nusu saa. Pia usitegemee akwambie kama bei ya kazi yako ni nzuri au kama huyo mtu ni mlipaji, hiyo sio kazi yake.

Nilichokuwa naogopa zaidi ni klaienti kukasirika aone namtilia mashaka. Nikamtumia faili ya Word yenye mabadiliko yanaonekana kwa rangi, mapendekezo 6, kila moja na sababu ya mstari mmoja ambayo wakili ndo aliandika. Siku nne kimya, sikulala vizuri kwa kweli. Akarudi kakubali 4, advansi ikiwemo, zuio la washindani hakuliondoa ila likapunguzwa kuwa la kipindi cha mkataba tu, na fidia mi niliomba isizidi jumla ya malipo ya mkataba, wao wakataka mara mbili yake. Nikampigia wakili, akasema mara mbili sio mbaya, muhimu kuna namba. Nikasaini.