Programu ya stoo kwenye simu: dagaa bado haijawajua

Nauza dagaa kwa jumla soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na programu hii ya mauzo naitumia stoo tangu masika. Uzuri wake haidai intaneti muda wote. Kijana wangu anaingiza magunia yanavyoshushwa kutoka Ukerewe, mtandao ukirudi nami nikiwa nyumbani Pasiansi naona kilichobaki.

Ila kilichonifanya niendelee kulipia ni sehemu ya madeni. Mteja wa kwenda Kongo akichukua mzigo na kulipa nusu, jina, tarehe na kiasi vinabaki pale. Enzi za daftari hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Siku hizi namgeuzia simu asome mwenyewe, tunamalizana.

Sasa kero. Waliotengeneza walifikiria sabuni na soda. Dagaa wakikaa stoo wanazidi kukauka, gunia linatoka na kilo pungufu kuliko lilivyoingia, na programu inaandika "upotevu" kwa wekundu kama vile nafuga mwizi. (Kijana alinuna kweli.) Ukihesabu kwa magunia tatizo linaisha, lakini Mwaloni bei ni kilo. Tena haijaungana na EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kwa hiyo risiti ya TRA (mamlaka ya mapato) tunaipiga upya kwa mkono, foleni ikiwa ndefu ni adha. Wahusika wanajibu WhatsApp haraka, jibu ni lile lile, "tunalifanyia kazi."

Mwenye duka la vipodozi Makoroboi achukue tu. Wa dagaa, chukueni kwa ajili ya madeni, mizani iacheni kwenye daftari.