Fundi baiskeli wa Majengo, Moshi: huduma ya kupunguza safari za gari

Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Shirika la Kimataifa la Nishati lilizihimiza nchi tajiri zipunguze mwendo wa magari barabara kuu kwa angalau kilomita 10 kwa saa, na watu wafanye kazi nyumbani hadi siku 3 kwa wiki. Wito huo si mgeni, kwani katika Vita Kuu ya Pili Waingereza waliulizwa kwenye mabango kama safari zao ni za lazima kweli, na mwaka 1942 mgao wa msingi wa petroli kwa magari binafsi ukafutwa.

Bei ya mafuta ilipopanda huku kwetu, nilipeleka baiskeli ya marehemu baba kwa fundi mmoja wa Majengo. Aliigeuza kichwa chini, akazungusha gurudumu la nyuma taratibu huku ameweka kipande cha chaki karibu na rimu, na kila chaki ilipogusa alikaza au kulegeza spoki mojamoja mpaka rimu ikanyooka kabisa. Bei aliitaja kabla ya kuanza kazi, na vipuri vya zamani alinirudishia, jambo ninaloliheshimu sana.

Breki alizofunga zinashika vizuri hata ninapoteremka kutoka Kibosho. Kasoro ni foleni, kwani Jumamosi nilisubiri saa tatu nzima bila hata benchi la kukalia. Gari sasa nalitumia Jumapili tu, kumpeleka mama kanisani.