Balbu ya dukani au taa ya akwaria?

Kwa akwaria, yaani tangi la kioo la samaki, ya lita 20 yenye mimea ya kutandaa chini kama zulia, hapa Goma njia ni mbili: balbu ya kawaida ya LED, au taa maalumu ya kuagiza nje.

Mimi ni wa balbu. Tafuta iliyoandikwa kelvini 6500 (rangi ya mwanga), lumeni 800 hivi (wingi wa mwanga), uifunge kwenye taa ya mezani yenye shingo ya kupinda. Ikiungua, unanunua nyingine jioni hiyohiyo. Kasoro yake: mwanga hujaa katikati, na pembeni mimea hurefuka kwenda juu badala ya kutambaa. Kati ya mimea ya zulia, Marsilea huvumilia, Hemianthus callitrichoides hudeka kama kitinda mimba.

Taa maalumu husambaza mwanga sawasawa, na samaki hung'aa. Bei ndiyo kilio.

Lakini mwanga mkali bila kaboni dioksidi ya kutosha huleta mwani tu, hata juu ya mawe yetu meusi ya volkano. Anza na saa 6 kwa siku, usizidishe 8. Umeme ukikatika mchana, usifidie usiku kucha. Samaki nao hulala.