Nimelipa elfu sitini nipunguziwe nguo kabatini hapa Moshi, mrejesho wangu huu

Kuna watu wameniuliza sana kuhusu yule dada anayekuja nyumbani kukupunguzia nguo na kukupangia kabati, kwamba ni huduma ya kweli ama usanii tu. Sasa imepita miezi mitatu tangu aje kwangu, nadhani naweza kuongea bila mihemko. Jina lake silitaji maana kuna sehemu nitamsema, na fundi aliyenirekebishia nguo baadaye naye simtaji, huyo ndo kabisa.

Kwanza mjue hali niliyokuwa nayo. Kabati langu la milango mitatu, na mlango wa katikati ulikuwa haufungi mpaka uukazie na kiti. Halafu kila asubuhi nasimama mbele yake na taulo nasema sina nguo ya kuvaa. Mtu wa Moshi atanielewa, hapa unashuka mjini kununua nyanya na vitunguu ukipitia soko la mitumba la Memorial unarudi na blauzi, na ukiwakuta wanafungua belo ndo basi tena hata vitunguu vinasahaulika. Na wala huoni kama umenunua nguo, si buku mbili bana. Buku mbili mara miaka sita ndo ile mlango haufungi.

Bei yake ni elfu sitini kwa masaa manne. Anatokea Arusha, na nauli ya kuja na kurudi ni juu yako, hilo hakuniambia kwenye simu, nimekuja kulisikia wakati natoa hela. Sio hela ya kugombana lakini si ungesema mapema dada yangu nijipange? Tulikubaliana saa tatu asubuhi akafika saa nne na nusu, kosta ilikuwa inasubiri ijae.

Akifika hana longolongo. Kasalimia, kanywa maji, kasema toa kila kitu weka kitandani. Mi nikajua kila kitu maana yake zile za mbele, kumbe na sanduku la chini ya kitanda, na la juu, na lile begi la mgongoni lenye zipu mbovu. Kitanda changu ni tano kwa sita, kikajaa mpaka zikawa zinaporomoka. Tukahesabu, nguo 143, bila khanga na bila za ndani. Mama yangu alikuwa ameshuka kutoka Kibosho kuja kliniki, amekaa hapo kwenye stuli anatuangalia, akasema taratibu tu, "Mwanangu, hizi zote zako? Na juzi ulinikopa elfu ishirini?" Nikakosa pa kuweka uso.

Kitu ambacho nampa maksi zote ni swali lake. Anashika nguo moja anakuuliza umeivaa mara ya mwisho lini, na ulivaa na nini. Hiyo nusu ya pili ndo yenye kazi. Maana kuna ile sketi yangu ya kijani, nzuri, haijachuja, haijabana, naipenda kabisa, ila kila nikijibu nimevaa na nini jibu ni lile lile, blauzi nyeupe ya maua, na hiyo blauzi ilishachanika kwapani mwaka jana. Kwa hiyo sketi imekaa mwaka mzima inasubiri marehemu. Ukipita nguo zote kwa swali hilo unaona zipo nyingi za namna hiyo, kila moja ina mwenzake mmoja tu, mwenzake akifulia basi na yeye havaliki.

Kanuni yenyewe alinieleza wakati tunakunja, kwamba uwe na nguo chache ambazo kila ya juu inakubali kila ya chini. Sio kitu cha leo, kuna mama mmoja London, Susie Faux, alikuwa na duka la nguo miaka ya 1970 akawa anawafundisha wateja wake hivyo hivyo, halafu mwaka 1985 mbunifu wa mavazi Donna Karan wa New York akatoa vipande saba vya kuchanganya, mwanamke avae ofisini mpaka jioni. Hesabu yake ni ya darasa la tatu, vya juu vinane mara vya chini vitano unapata mivao 40 kutoka kwenye nguo 13. Kiukweli mimi napata kama 25, maana kuna vinavyokubaliana kwenye karatasi ila ukijiangalia kwenye kioo unavua. Ishirini na tano bado ni nyingi, kabla ya hapo nilikuwa nazunguka na nguo sita tu kati ya 143.

Sasa tuje penye mgogoro. Kati ya zile 143, sare zilikuwa 31. Thelathini na moja! Sare ya sendofu, sare ya harusi yenyewe, sare ya kitchen party, kipaimara cha mtoto wa dada, ubatizo, kwaya mbili, vikoba, fulana ya msiba wa babu yenye picha kifuani na tarehe zake. Ukitaka kujua nguo zinajaaje kwenye kabati la mtu wa Kilimanjaro usimlaumu Memorial peke yake, wewe hesabu ndugu zake. Mimi sijawahi kuamka nikasema leo nanunua lesi ya zambarau yenye mawe, lesi ya zambarau nililetewa na kamati pamoja na bei yake.

Yule dada alivyofika kwenye hilo fungu akasema hizi zote toa, hazichanganyiki na chochote. Mama akasimama. Akamuuliza kwa heshima kabisa, "Mama, hiyo uliyoshika unajua ni ya nini? Ni harusi ya mtoto wa mjomba wake. Unaitoa unampa nani, na Krismasi wakija nyumbani wanamkuta na nini?" Mnajua Desemba yetu ilivyo, watu wanapanda wote kwenda kuhesabiwa, na shangazi wa kukumbuka sare ya mwaka gani ilishonwaje hakosekani. Yule dada akabaki ameshika hilo gauni kama ameshika mtoto wa mtu. Mwisho akasema basi, hizo weka kwenye sanduku tutaona. Hatukuona. Masaa yake manne yakaisha, sare 31 zipo pale pale, na kwangu mimi hiyo ndo ilikuwa kazi yenyewe.

Malalamiko ya pili ni rangi. Anatembea na orodha yake: nyeupe, nyeusi, beji. Nikamwambia dada yangu mimi nakaa Soweto hapa Moshi, nashuka kwenye bodaboda, Januari na Februari ni vumbi na joto linapita nyuzi 30, masika ni tope, hilo shati jeupe unalifulia na nini? Akasema nyeupe haipitwi na wakati. Nikanunua mawili. Wiki ya tatu kola zina rangi ya ugoro, nimeloweka, nimeweka bluu, nimeanika juani, wapi. Na kwenye orodha yake kulikuwa na koti refu la baridi, sijui la kuvaa wapi. Hapa mjini Julai unahitaji sweta moja zuri, na kama unapanda kwa wazee Kibosho ama Marangu unabeba na la pili, biashara imeisha.

Kwa hiyo rangi nimejichagulia mwenyewe: daki bluu, damu ya mzee na rangi ya maziwa. Nimezitoa kwenye vitenge vyangu, nilivitandaza vyote chini nikaangalia ni rangi gani zinajirudia, kwa sababu kitenge hukitoi, basi vya juu ndo vimfuate. Kitenge chenye maua ya damu ya mzee kinavaliwa na blauzi ya maziwa, kesho na ya daki bluu, na hamna anayesema umerudia. Khanga sikuzigusa. Khanga haihesabiwi, khanga ni kama sufuria.

Sasa yule fundi. Huyu yuko mjini, ana cherehani mbili na ovaloki, na shughuli yake kubwa ni kurekebisha, sio kushona mpya. Nilimpelekea sare 11 nikamwambia nataka zivalike siku ya kawaida. Ile lesi ya zambarau akaigeuza ndani nje, akavuta mshono wa ubavuni kwa ukucha, akacheka, "Aliyeshona hii alikuwa anadaiwa kitambaa? Hajaacha hata akiba ya nusu inchi." Akaweka chaki kiunoni, akakata. Moyo wangu ulipiga pa! maana lile gauni lilikuwa la laki na ushee pamoja na ushonaji. Sehemu ya chini akaipunguza mkia, akatoa mawe ya pindoni akayaacha machache, akabadilisha bitana iliyokuwa inang'ang'ania mapajani, akaweka zipu ya ubavuni. Imekuwa sketi ya penseli. Naivaa ofisini na blauzi ya maziwa na mtu akauliza nimenunua wapi. Sehemu ya juu imekuwa kitopu, kwenye sherehe ndogo navirudisha vyote viwili linakuwa gauni tena, shangazi hajui kitu.

Sketi kama hiyo ananitoza elfu saba, kupunguza tu ubavuni elfu tatu, kufupisha pindo elfu mbili. Kati ya 11 tisa zimetoka vizuri sana, moja ya satini imeacha alama za mshono wa zamani, matundu yanaonekana ukisimama juani. Moja aliipunguza mpaka nikashindwa kukaa, nikamrudishia, ikawa ya mdogo wangu.

Ila mdomo wake! Aliniambia Ijumaa. Ijumaa nimefika, "dada, umeme ulikatika." Jumatatu, sindano ya ovaloki imevunjika. Jumatano nikakuta nguo zangu bado zimefungwa kwenye mfuko ule ule nilioleta, na fundo nililofunga mwenyewe halijafunguliwa, akanitazama machoni akasema zimebaki vifungo tu. Zilikuja kutoka wiki ya tatu.

Kwa hiyo ukiniuliza utumie nani, mimi nasema yule dada mchukue kama huna mtu wa kukusimamia, maana peke yako utakaa kitandani unajaribisha nguo za 2016 mpaka jioni. Nampa sita kwa kumi, angekuwa na la kusema kuhusu sare ningempa nane. Ila uliza nauli mapema. Fundi nampa tisa ya mkono na mbili ya ahadi. Saivi nina nguo 52 kabatini, mlango unafunga, zilizotoka nyingi zimeenda kwa binamu zangu, nyingine nimeuza buku tatu tatu kwa majirani, na ile fulana ya babu ipo, hiyo sina maelezo.

Wiki iliyopita kamati imepiga simu. Binamu anaolewa Desemba, sare ni lesi ya damu ya mzee, nimefurahi mpaka wakashangaa. Nimempelekea fundi kitambaa nikamwambia usishone gauni, nishonee sketi peke yake na blauzi peke yake, za kufungwa kiunoni zionekane ni kitu kimoja. Akauliza harusi ni tarehe ngapi. Nimemtajia ya wiki tatu kabla.